Mguu Wangu Chini ya Ng'ombe wa Kijiji

Ng'ombe yule hakuwa na jina. Kamati ya kijiji ilikaa kikao kizima juu ya jambo hilo, ikaamua asipewe, kwa sababu atakayempa jina atajifanya ndiye mwenye ng'ombe. Katika daftari la katibu aliandikwa "ng'ombe wa kijiji", na mimi niliyemkatia majani nilimwita "yeye" tu. Yeye amekula? Yeye ameamkaje? Leo mimi ni mtu mzima wa kuitwa bibi, na bado mtu akisema "yeye" bila kutaja nani, kwanza hunijia yale macho makubwa na ile harufu ya maziwa na matope.

Sisi watu wa Uluguru hatukuwa watu wa ng'ombe. Tulikuwa na mbuzi na kuku, na waliokaa karibu na misheni walikuwa na nguruwe. Miteremko yetu unailima huku umejishikiza kwa vidole vya miguu. Ng'ombe angesimama wapi? Lakini miaka ile ya Ujamaa kila kijiji kilitakiwa kiwe na mradi, na kijiji chetu kikapewa ng'ombe wa kisasa, mwekundu mwenye mabaka meupe, kutoka shamba moja la tambarare. Alipandishwa mlima kwa miguu siku mbili. Hakuwahi kuona mteremko maishani mwake, na kwenye kila kona alisimama akatutazama kana kwamba tumemwonea. Hakukosea.

Nilikabidhiwa mimi. Nilipokuwa msichana niliwahi kufanya kazi misheni, nikawasaidia masista kutunza ng'ombe wao wawili. Nilikaa pale miezi tisa tu, na muda mwingi nilikuwa naosha ndoo, lakini kijijini ukishawahi kushika kitu mara moja wewe ndiye fundi. Tena mwenyekiti wa kijiji alikuwa mjomba wangu, kaka yake mama. Kwetu mjomba ndiye mwenye wewe. Watoto wa dada yake ni wake, ni wa ukoo wake, na baba yao anakaa kama mgeni anayeheshimiwa. Mjomba aliposimama mkutanoni akasema, "Mpwa wangu atamtunza," watu walipiga makofi, na mimi nikajua nimekwisha.

Maana nilikuwa nimeshafunga mzigo. Mume wangu alikuwa amepata kazi kiwandani Morogoro mjini, amepanga chumba, na mtoto wetu wa miezi minne alikuwa ameonwa na baba yake mara mbili tu. Nilimtaka mume wangu. Naandika hivyo bila haya, umri umeshaniondolea haya. Nilikitaka kile chumba nisichowahi kukiona, chenye mlango wa kufunga kwa ndani, na jiko langu mwenyewe la mkaa. Lakini siku zile hukuweza kushuka mjini ukakaa tu. Mgambo walikuwa wakiwakusanya wasio na kazi na kuwarudisha vijijini, na mke aliyemfuata mumewe alitakiwa awe na barua ya mwenyekiti yenye muhuri. Muhuri huo ulikaa kwenye kopo la chai chini ya kitanda cha mjomba wangu.

Niliiomba barua ng'ombe alipofika. Mjomba akasema nisubiri azoee. Nikaiomba tena, akasema nisubiri azae. Mara ya tatu alinicheka, akanishika bega kwa upendo wa kweli, akasema, "Hata ukienda utarudi, mwanangu. Ng'ombe avunjikapo guu hurejea zizini." Mume wangu naye alinitumia salamu kwa wanawake wanaoshusha kabichi sokoni, kwamba atanisubiri mpaka mavuno ya maharage. Maharage yalikuwa yameshaanza kutoa maua.

Alizaa Jumatatu asubuhi, ndama jike, bila shida. Kijiji kizima kilikuja kuangalia. Habari ilikuwa imeshafika kwamba Alhamisi atakuja mgeni wa chama kutoka mkoani kuona mradi wetu, na mjomba alitaka mgeni anyweshwe maziwa ya kijiji, meupe, kwenye bilauri. Wanasema mgeni njoo mwenyeji apone. Mgeni yule, kabla hata hajavaa viatu vya kuja, alikuwa karibu atuue.

Maziwa ya mwanzo ya ng'ombe ni dang'a, mazito, ya njano. Bibi yangu, mama yake mjomba, alipoyaona alikunja uso. Kwa bibi, maziwa ya kwanza ya mzazi yeyote ni machafu. Mimi mwenyewe nilipojifungua alinikamua kwa vidole vyake mpaka nikalia, akayamwaga chini, ndipo akaniruhusu kunyonyesha. Sasa akaagiza ng'ombe naye atolewe uchafu wote, mpaka tone la mwisho, ili maziwa meupe yawahi kushuka kabla ya Alhamisi.

Nilimwambia, "Bibi, sista mzee wa misheni alikuwa anasema siku za kwanza tukamue nusu, nusu tuiache."

"Kwa nini?"

Sikujua kwa nini. Sista hakuwahi kunieleza, na mimi nilikuwa mwosha ndoo, sikuuliza.

"Na huyo sista," bibi akasema, "amezaa wangapi?"

Wanawake walicheka mpaka wakashikana mabega. Nikacheka nami, na kicheko kile nakijutia hadi leo. Tulimkamua watatu kwa zamu, Jumatatu asubuhi na jioni, Jumanne asubuhi, mchana na jioni, mpaka chuchu zikawa laini kama soksi tupu. Dang'a yote tuliimwaga kwenye shina la mgomba, kama bibi alivyoelekeza. Bibi alipogeuka nilimwachia ndama anyonye. Jumanne jioni maziwa yalishuka meupe, na mjomba alinisifu mbele za watu.

Jumatano alfajiri nilipofungua banda nilimkuta amelala, shingo ameikunja ubavuni kama mtu anayesikiliza tumbo lake. Nilimwita, nikamsukuma. Nilimshika masikio, yalikuwa ya baridi kama mawe ya mtoni. Pua yake, ambayo siku zote ilikuwa mbichi, ilikuwa imekauka. Alijaribu kuinuka mara moja, miguu ya nyuma ikatetemeka, akajibwaga tena na kuguna. Niliogopa. Niliogopa kwa ajili yangu kwanza, huruma ya ng'ombe ilifuata baadaye.

Nilikimbia kwa mjomba. Mjomba akaagiza kipande cha reli kigongwe, kile kilichoning'inia ofisini kwa ajili ya mikutano, na wanaume wakaja na magogo na kamba. Katibu wa kijiji naye alikuja na daftari lake. Alikuwa kijana mwembamba mwenye miguu ya mbuzi, hakuna aliyemshinda kupanda na kushuka mlima, na alipenda kuandika makosa ya watu kuliko kula. Alisimama mlangoni, akanitazama, akasema kwa sauti ya kutosha kila mtu asikie, "Huyu si ndiye anayetaka kuhama? Haya. Tutajua." Siku zile neno hujuma halikuwa mbali na midomo ya watu kama yeye.

Banda lenyewe lilichongwa kwenye mteremko. Upande wa juu ulikuwa ukuta wa udongo, upande wa chini ulizibwa kwa miti iliyosimikwa, na katikati sakafu ilikuwa imeinama, tena masika yalikuwa yameifanya utelezi mtupu. Mimi nilisimama upande wa chini nikiwa nimeshika kamba ya kichwa. Wanaume wakapitisha magogo mawili chini ya tumbo, mmoja akashika mkia, mjomba akahesabu. Aliposema "tatu" ng'ombe aliinuka kweli, akasimama kwa magoti ya mbele kwa muda wa kuvuta pumzi mbili. Kisha gogo moja likateleza na mzigo wote ukashuka upande wangu. Nilirudi nyuma, nikagonga miti, nikakaa chini bila kupenda, na bega la ng'ombe likatua juu ya mguu wangu wa kushoto, kuanzia pajani hadi kwenye kifundo.

Mguu haukuvunjika. Matope yaliuokoa, ulizama humo kama muhogo unaopandwa. Lakini haukutoka. Kila walipomsukuma ng'ombe ili nivutwe, alianza kulala ubavu, macho yakageuka na tumbo likaanza kuvimba. Mzee mmoja aliyewahi kuendesha maksai kwenye mashamba ya mkonge alipiga kelele wamwache. Alisema ng'ombe akilala ubavu tumbo hujaa upepo, na kichwa kikishuka hupaliwa na alichokula, anakufa pale pale. Akiegemea vile alivyoegemea, na kichwa kikiwa juu, anaweza kungoja dawa.

Kamati ilikutana hapo hapo nje, watu saba wamesimama mvuani, nami nikisikia kila neno kupitia kwenye miti. Waliamua katibu ashuke mjini kumtafuta bwana mifugo. Wakaamua na jambo la pili, ambalo mjomba aliingia kunieleza ameshika kofia mkononi.

"Mwanangu, kamati imeazimia uvumilie. Kaa hivyo hivyo, na kichwa chake ukishike hivyo hivyo."

Nikamwambia, "Shikamoo kamati."

Mjomba alijifanya hajasikia. Alinisogezea gunia la maganda ya mahindi mgongoni, akamfunika ng'ombe kwa gunia jingine, akatoka.

Kwa hiyo nilikaa. Ilikuwa kama saa mbili asubuhi. Mgongo kwenye miti, mguu chini ya mali ya umma, kichwa cha ng'ombe mapajani, na kamba nimeizungusha mkononi mara mbili, maana shingo yake ilitaka kuanguka kila mara. Kichwa cha ng'ombe ni kizito kuliko unavyodhani. Pumzi yake ilikuwa ya polepole, na kila moja iliponipitia tumboni nilihesabu, nikipoteza hesabu naanza upya. Kwa muda mguu uliuma, kisha ukaanza kuwaka moto, kisha nikaacha kuusikia kabisa, na hapo ndipo nilipoanza kuogopa kweli.

Miti iliyokuwa mgongoni kwangu ilikuwa na mianya. Nikigeuza shingo niliuona mji wote kule chini, mvua ilipopisha. Niliona mabati yakimeta, barabara, na moshi wa viwanda. Kiwanda cha mume wangu sikukijua ni kipi, nikajichagulia moshi mmoja nikasema ndio huo. Treni ilipiga honi. Nilikuwa nauona mji vizuri kuliko siku yoyote ya maisha yangu, na sikuweza kusogea hata hatua ya kujikuna kisigino.

Bibi aliniletea mtoto anyonye. Alimweka kwenye mkono wangu mmoja, kwa sababu mwingine ulikuwa na kamba, na akachuchumaa pembeni akikitazama kiwele cha ng'ombe kilivyolegea.

Mwishowe alisema, "Mimi ndiye niliyesema akamuliwe."

"Najua, bibi."

"Usimwambie mjomba wako."

Nilimtazama. Mwanamke yule alizalisha nusu ya kijiji, alimchapa mjomba wangu kwa ufagio hadi alipooa, na sasa alikuwa anamwogopa kwa sababu ya kofia na muhuri. Nilitaka kumwambia maneno makali. Badala yake nikamwambia sitasema. Alimchukua mtoto, akanifuta matope shavuni kwa ncha ya kanga yake, akaenda zake.

Baada ya hapo watu walipungua. Wanaume walikwenda kukata magogo mengine, wanawake mashambani, hata mvua ilichoka. Nilibaki na yeye, na ndama akilia kwenye kibanda cha jirani. Nikawa na nafasi ya kufikiri, na kufikiri hakukunisaidia kitu. Akifa, katibu ataandika hujuma, na mwenye hujuma haandikiwi barua. Akipona, watasema nani mwingine anayemweza, na mwenye kuwezana na ng'ombe haandikiwi barua. Niligeuza mambo huku na huku kama mtu anayetafuta mlango gizani, nikakuta ukuta kila nilipogusa. Nilimchukia mjomba. Nilimchukia mgeni wa mkoani na bilauri yake. Nilimchukia mume wangu aliyeweka siku ya mwisho kama mwenye duka.

Lipo jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Ilikuwa kama saa saba mchana. Masikio yake yalikuwa baridi kabisa, jicho halikupepesa hata nilipoligusa kope, na pumzi zilikuwa mbali mbali. Nikajisemea kwamba anakufa vyovyote vile. Nikajisemea kwamba akifa sasa hivi, angalau nitatolewa hapa chini. Halafu sauti nyingine, yangu pia, ikasema kwamba bila ng'ombe mjomba hana cha kunizuilia, na lolote wanaloweza kunifanya lina mwisho, lakini ng'ombe mzima hana mwisho, atazaa na kuzaa. Nikaizungusha kamba kinyume kuitoa mkononi, mara moja, kisha mara ya pili. Nikailegeza.

Kichwa kilishuka kutoka mapajani kikielekea kwenye matope, polepole, kwa uzito wake wenyewe. Sikukisukuma wala sikukizuia. Kikafika chini. Kooni mwake pakatoka sauti ya maji yanayochemka kwenye chungu chenye mfuniko, na maziwa yangu, sijui kwa nini, yakashuka yenyewe yakalowesha blauzi, kama yanavyofanya mtoto anapolia.

Nilivuta ile kamba kwa mikono miwili na kwa meno. Niliuma katani hadi fizi zikatoka damu. Kichwa kikapanda, kikarudi mapajani, sauti ya kooni ikakatika, na pumzi ikaja. Nililia kwa hasira. Sikulia kwa sababu nampenda, maana hadi wakati ule sikuwa na hakika kama nampenda. Nililia kwa sababu nilijua nimeufunga mlango mwenyewe, na nisingeweza kufanya vingine. Nikaizungusha kamba mkononi mara tatu, nikafunga na fundo.

Bwana mifugo alifika saa tisa, matope hadi magotini. Pikipiki ya idara haikuwa na petroli, kwa hiyo alikuwa amepanda mlima kwa miguu nyuma ya katibu, na pumzi zilikuwa zimemwishia. Alikuwa mtu wa makamo mwenye mkoba wa turubai. Aliinama mlangoni, akaona ng'ombe, kisha akaniona mimi.

"Na wewe dada, umefanya nini humo?"

"Nimeazimiwa," nikamwambia.

Akacheka, mtu wa kwanza kucheka siku ile, na hapo hapo nikampenda. Alimshika ng'ombe masikio, akamwekea sikio kwenye mbavu, akaangalia kiwele. Akauliza amezaa lini, na tulimkamuaje, nusu au yote? Mlangoni walikuwa wamesimama mjomba, katibu na daftari, na bibi nyuma yao akiwa na mtoto wangu mgongoni. Bibi aliangalia chini.

"Yote," nikasema. "Nilimkamua mimi."

Katibu akaandika. Bwana mifugo hakumtazama. Alieleza huku akitoa vitu mkobani kwamba ugonjwa huu unaitwa homa ya maziwa, ingawa hauna homa yoyote. Alisema ng'ombe anayetoa maziwa mengi akizaa, chokaa ya mwilini hukimbilia kiwele, na ukimkamua mpaka mwisho unamnyang'anya hata ile ya kushikia misuli. "Hana ubaya wowote miguuni," akasema. "Ameishiwa tu." Kisha akamgeukia katibu. "Na wewe acha kuandika, uje unishikie chupa. Makosa haya wanayafanya hata huko kwenye mashamba makubwa."

Chupa ilikuwa moja tu, ya mwisho aliyokuwa nayo. Alikuwa ameibeba kwapani njia nzima ili isiwe baridi. Alitafuta mshipa wa shingo, akachoma sindano yenye mpira, na katibu akasimama ameinua chupa juu ya kichwa chake, hana pa kuweka daftari. Dawa ilishuka kidogo kidogo. Bwana mifugo alikuwa ameweka sikio ubavuni akisikiliza moyo, na kila aliposema "shusha" katibu alishusha, akisema "pandisha" anapandisha. Sikuthubutu kupumua kwa nguvu.

Chupa ilipofika nusu, ngozi ya bega juu ya mguu wangu ilianza kucheza, kama inavyocheza ya punda anayefukuza nzi. Ilipokwisha, ng'ombe alibeua. Ilikuwa mbweu moja ndefu, ya majani yaliyooza, usoni mwangu, na sijawahi kunusa kitu kizuri kama kile. Kisha akanya. Wanaume walishangilia mavi yale kama bao la mpira. Pua ikaota unyevu, masikio yakaanza kupata joto ncha kwa ncha, na jicho likanigeukia likaniona.

"Mwachie kamba," bwana mifugo akaniambia. Nilishindwa kufungua fundo, akalikata.

Ng'ombe huinuka kwa miguu ya nyuma kwanza. Alijikusanya, akasukuma, makalio yakapanda, bega likaniacha, na bwana mifugo akanivuta kwa makwapa kutoka kwenye matope. Alisimama akiyumba. Akasimama vizuri. Ndama aliletwa, akamlamba. Watu waliingia bandani wakipiga vigelegele, wakampapasa mgongo, wakampongeza bila jina la kumwita.

Mimi sikuweza kusimama. Mguu ulikuwa mweupe na umekunjamana, haukuwa wangu. Nilijaribu mara mbili nikaanguka mara mbili, na hakuna aliyegeuka, maana macho yote yalikuwa kwa ng'ombe. Bibi peke yake alikuja. Alikaa kwenye matope, akauweka mguu wangu mapajani mwake, akaanza kuusugua kwa viganja, machozi yakimchuruzika.

Hapo ndipo mjomba alipokuja, ameng'aa kama mtu aliyefufuliwa. Alichuchumaa mbele yangu. Aliingiza mkono katika mfuko wa koti, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akaikunjua ili nione. Nilikuwa najua kusoma. Lilikuwa jina langu, na la mtoto, na la mume wangu, na maneno ya ruhusa ya kuhamia mjini. Chini kulikuwa na muhuri wa zambarau, bado mbichi pembeni.

"Tazama nilivyokupigania," akasema taratibu, ili katibu asisikie. "Saa saba nilichungulia nikaona amekwisha. Nikasema kamati itamla mtoto wa dada yangu. Nikaenda nikakuandikia, uondoke leo hii hii kabla hawajakaa. Yule akikata roho tu, wewe unashuka."

Nilinyoosha mkono. "Nipe, mjomba."

Alicheka, kicheko cha mtu aliyepona. "Ya nini tena? Amesimama! Hakuna wa kukugusa. Na nani mwingine angeweza kukaa vile kutwa nzima? Hata bwana mifugo amesema, bila wewe tungemkosa."

"Mjomba, naomba. Nipe tu."

Hakunisikia, au hakusikia nilichokuwa naomba. Karatasi zilikuwa adimu siku zile, na mjomba alikuwa hajavuta tangu asubuhi. Alichana ukanda mmoja kutoka chini ya barua, ule wenye nafasi nyeupe na muhuri, akaunyoosha kwenye goti, akatandaza tumbaku, akasokota. Alipowasha niliuona muhuri ukijikunja rangi ya zambarau karibu na mdomo wake, mpaka ukawa majivu. Bibi aliacha kusugua. Alimtazama mwanawe, akanitazama mimi, akafumbua mdomo, kisha akaufumba akaendelea na mguu.

Maharage yalivunwa mwezi uliofuata. Mume wangu alisubiri kama alivyosema, na yalipokwisha kuvunwa aliacha kusubiri. Ng'ombe alizaa mara nne zaidi.

Lakini jioni ile sikuyajua hayo. Mguu uliporudi kidogo, mjomba aliniletea ndoo, akanikumbusha kwamba kesho ni mgeni. Nilijikokota mpaka kando ya ng'ombe, nikaegemeza paji la uso kwenye ubavu wake, ambao sasa ulikuwa na joto. Aligeuza kichwa akanitazama. Nikakamua nusu, nusu nikaiacha.